Ligi ya Jumapili ama tamasha la wikendi moja: mashindano ya mtaa wenu yatafanywa vipi?

Chama chetu cha mtaa huku Eastlands, Nairobi, kina mkutano wiki ijayo na ajenda ni moja tu, mashindano ya mwaka huu tunayafanya vipi. Mzee mwenyekiti anataka ligi, ile ya kila Jumapili mpaka bingwa apatikane. Wasichana wa densi wanataka tamasha, Ijumaa jioni hadi Jumapili, spika zinalia, watoto wanaruka na magunia, kombe linatolewa, watu wanaenda nyumbani. Mimi nimekuwa kwa kamati mwaka wa ligi na nikawa kwa kamati mwaka wa tamasha, kwa hivyo nimeambiwa niandike nilichoona, na badala ya kuandikia watu kumi na wanne pekee nikaona bora nikuandikie pia wewe wa Kayole ama Kibra ama Kawangware mwenye unakuna kichwa na swali hili hili.

Hapa naongelea mashindano ya ridhaa kabisa, hakuna mtu analipwa kucheza, hakuna mtu analipwa kuimba, mpira na netiboli na mbio kwa upande mmoja, densi na mashairi na kwaya na uchoraji kwa upande mwingine, chama kimoja kinasimamia yote mara moja kwa mwaka. Kama yenu ni mpira pekee unaweza ruka nusu ya hii.

Hesabu kwanza, juu hapo ndio kamati nyingi huanguka

Timu 8 zikicheza ligi, kila timu ikutane na kila timu mara moja, hizo ni mechi 28. Kiwanja kimoja, mechi 4 kila Jumapili, umemaliza kwa Jumapili 7, na hiyo ni kama hakunyeshi, hakuna matanga mtaani na hakuna mkutano wa injili umewekwa palepale kwa graundi. Mtu akisema turudiane, nyumbani na ugenini, zinakuwa 56, Jumapili 14, hiyo ni miezi mitatu hivi ya maisha yako. Na wakija wale wa "aki tusikatae mtu, zimeomba timu 12 tuzichukue zote" waambie timu 12 ni mechi 66 halafu uone vile watanyamaza.

Mtoano, vile mpira wa tamasha huchezwa, ni mambo mengine. Kila mechi inatoa timu moja, kwa hivyo mechi ni idadi ya timu toa moja, basi. Timu 16, mechi 15. Sisi tulicheza dakika 20 kila kipindi, mapumziko 5, na zingine 5 za kuingiza wale wengine, jumla dakika 50, ukianza saa mbili kamili asubuhi ukifika saa kumi na mbili jioni umecheza 12. Hauwezi ongeza, Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na graundi yetu haina taa. Lakini angalia vile hizo 12 zinaangukia: raundi ya kwanza mechi 8, robo fainali 4, Jumamosi imeisha! Jumapili inabaki nusu fainali mbili na fainali, na siku nzima iko wazi ya watoto, netiboli na jukwaa. Hii sikuijua mpaka nikakaa chini na kalamu, na ndio sababu nyingine napenda tamasha.

Ubaya wake ni kwamba timu 8 zinaenda nyumbani kabla ya saa tisa ya Jumamosi, zingine hata saa tatu asubuhi. Vijana wamechangisha jezi mwezi mzima, wamekuja na ngoma na shangazi zao, wanacheza dakika 40, kwisha. Kuna wale hukwambia tumia makundi, manne ya timu nne nne, sawa, lakini hizo ni mechi 24 za makundi na 7 za mtoano, 31, kwa kiwanja kimoja na wikendi moja haiingii hata ulazimishe. Labda mgawe graundi mara mbili mcheze saba kwa saba.

Refa pia analipwa kwa mechi, usisahau. Tuseme refa na wale wawili wa vibendera mmeelewana shilingi 1,500 kwa mechi, ligi ya timu 8 inakula 42,000 na mtoano wa timu 16 unakula 22,500. Timu mara mbili, pesa karibu nusu. Mweka hazina wetu, mama mmoja ana kibanda cha mboga na hesabu zake haziteleziki, alipoona hizo namba mbili zimekaa pamoja hakuuliza kitu kingine.

Watu

Sasa hii ndio yenyewe. Pesa watu wataogopa lakini pesa haikuua ligi yetu. Kilichoiua ni neti. Neti za goli zinalala kwa nyumba ya mtu, kwa sababu ukiziacha graundi usiku asubuhi hazipo, na kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi lazima kuna mtu azibebe, azifunge, achore laini na chokaa, halafu jioni azifungue azirudishe. Jumapili ya kwanza tulikuwa watu tisa. Ya tatu tukawa watano. Ya tano tulikuwa watatu, mimi, kijana mmoja fundi wa pikipiki na mwanafunzi wa fomu tatu mwenye alikuwa anataka tu kugusa mpira kabla ya wengine. Jumapili ya sita refa hakuja, akazima simu, nikapuliza filimbi mimi mwenyewe mechi ya timu ya binamu yangu. Usiwahi fanya hivyo. Bado kuna watu hawanisalimii kwa stage.

Tamasha linachosha kuliko hiyo, tusidanganyane, Jumapili usiku nilikuwa siwezi kuongea. Lakini linachosha mara moja. Mtu anaweza omba ruhusa kazini Ijumaa moja, mama anaweza acha kibanda wikendi moja, hata wale huwa wanasema "nitawasaidia" bila kumaanisha watakuja siku tatu kwa sababu kuna umati na kuna chakula. Kwa hivyo kabla mpige kura, hesabu watu wangapi kwenu wanaweza amka alfajiri Jumapili saba mfululizo bila kupigiwa simu. Wakifika sita, ligi inawezekana. Wakiwa watatu, na usijidanganye ukahesabu wale wa kwa grupu ya WhatsApp wenye hutuma vidole gumba, achana nayo.

Sanaa hufa kwa ligi

Mwaka wa ligi tulisema sanaa itafanywa wakati wa mapumziko. Kwa karatasi ilikuwa poa sana: dakika kumi kati ya vipindi, kikundi kimoja kinaingia, kila Jumapili vikundi vinne, mwisho wa ligi tunapata washindi. Kile kilifanyika ni kwamba wasichana walicheza densi kwa kokoto na vumbi, spika inakatika, wachezaji wa akiba wanapasha misuli katikati yao, na watazamaji wameenda kununua mahindi choma kwa sababu mapumziko ni ya kununua mahindi. Kijana wetu wa mashairi, mzuri kweli, alighani shairi la beti saba na hakuna mtu alisikia ubeti wa pili. Waamuzi walikuwa tofauti kila wiki, kwa hivyo alama za wiki ya kwanza na za wiki ya nne hazikuweza kukaa pamoja. Mwisho tulitoa zawadi moja ya sanaa, cheti, na sidhani tulimpatia mwenye alistahili.

Mpira unaweza vumilia kuchezwa na watu ishirini wakiangalia. Densi haiwezi, kwaya haiwezi, hata shairi linataka masikio yamekaa chini yamenyamaza. Mwaka wa tamasha tulichukua ukumbi wa mtaa Jumapili asubuhi hadi saa nane, kila kikundi dakika 7 za jukwaa na 3 za kutoka na kuandika alama, hiyo ni dakika 10, kwa hivyo maonyesho 24 yanaingia kwa saa nne na ukaongezea moja ya kuchelewa kwa sababu lazima mtachelewa. Watu walijaa mpaka madirishani. Kwaya ya kina mama wa kanisa na vijana wa isukuti, ile ngoma ya Waluhya, na mtoto wa miaka tisa na shairi lake la matatu, wote mbele ya macho yaleyale na waamuzi walewale watatu.

Kuhusu waamuzi niongee kidogo kwa sababu hapa ndio kuna vita kuliko hata penalti. Mpira ukiingia wavuni umeingia. Densi nani atasema? Sisi tuliiba desturi ya Tamasha la Muziki la Kenya, lile la shule lililoanza 1927, kama umewahi kuimba huko unajua vile mwamuzi husimama mbele ya watu wote na kusema sauti ya tatu ilipotelea wapi na kwa nini huyu amepata 82 na yule 79. Inauma lakini inamaliza maneno, kwa sababu sababu imesemwa mchana. Tulitafuta waamuzi nje ya mtaa kabisa, tukawalipa nauli na chakula, na kila fani ikawa na karatasi yake, mashairi kwa mfano vina na mizani, ujumbe, sauti, na kukumbuka maneno. Kuna mtu alikuwa amependekeza watu wapige kura kwa M-Pesa, kura moja shilingi kumi, eti tutapata pesa. Tungepata, ndio, na mshindi angekuwa mtu mwenye mjomba Dubai.

Lakini ligi ina kitu tamasha haliwezi

Nisikuwe mtu wa upande mmoja. Mtoto hajui kucheza mpira kwa sababu ya wikendi moja kwa mwaka. Anajua kwa sababu kila Jumapili kuna mechi, amefungwa leo, atalipiza wiki ijayo, kocha amemwambia kitu na ana siku sita za kukifanyia mazoezi. Na ligi inaweza beba vitu vingine ndani yake. Watu wa Mathare, MYSA, kile chama cha michezo cha vijana, wameonyesha hiyo tangu 1987 walipoanza na Bob Munro, Mkanada: timu haipati pointi kwa kushinda mechi pekee, inapata pia kwa kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, na pointi hizo zinaingia kwa jedwali lilelile. Unaona ujanja wake? Mko nyuma na pointi chache na wiki hii hamna mechi rahisi, basi mnashika koleo. Hiyo haiwezekani kwa siku mbili, inataka jedwali lenye linaishi wiki nyingi.

Kitu kingine, kwa ligi uamuzi mbovu wa refa ni mechi moja kati ya saba, unaumia unasonga. Kwa mtoano ndio mwisho wa mwaka wako. Fujo kubwa niliyowahi kuona ilikuwa robo fainali ya tamasha, penalti ya mwisho, kipa alisogea ama hakusogea, na nusu saa hakuna kitu kilichezwa. Ligi nayo ina uchafu wake wa polepole, timu ikishajua haiwezi shinda haiji, inatoa pointi za bure kwa jirani, na jirani anakuwa bingwa kwa mechi hakucheza. Dawa yake ni kuweka pesa za dhamana mwanzoni, usipokuja mara moja zinabaki kwa chama. Iandikwe, isemwe, isainiwe na nahodha.

Wasichana wa netiboli wanataka neno lao. Kwa ligi tulianza na timu sita za netiboli na Jumapili ya nne zilikuwa mbili. Si kwamba hawapendi, ni kwamba Jumapili ndio siku ya kufua na kupika na kubeba mtoto wa mtu, na hakuna mzazi anakubali saba mfululizo. Kwa tamasha walikuja wote kwa sababu hata hao wazazi walikuwa graundi.

Tarehe na hali ya hewa

Graundi nyingi za mitaa yetu ni udongo mtupu, kwa hivyo mvua inaamua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na ligi ya wiki saba lazima iguswe na moja ukianza vibaya. Wikendi moja unaweza ipenyeza popote, lakini ikinyesha hiyo wikendi umekwisha, hakuna Jumapili ya kufidia, kwa hivyo andika tarehe ya pili kwa barua ile ile ya kuomba uwanja. Mimi napenda Agosti, kavu, baridi kidogo, shule zimefungwa. Desemba shule zimefungwa pia lakini nusu ya mtaa iko ushago. Ijapokuwa watu wa Ziwani wametupinga wote hapo, mashindano yao ya mpira, Koth Biro, yanachezwa uwanja wa Umeme mwisho wa mwaka na jina lenyewe kwa Kijaluo linasema mvua inakuja, na watu wanajaa tu. Wao wana jina, sisi hatuna, tusijilinganishe.

Agosti ina mitego miwili. Ligi ya Uingereza inaanza, na Jumapili saa kumi jioni ukiweka fainali ukutane na Arsenal utajikuta na refa na mamake golikipa, kwa hivyo fainali iwe saa nane. Na mwaka wa uchaguzi, kama 2027, hama Agosti kabisa, la sivyo maiki yako itakuwa ya wagombea.

Pesa za wadhamini, na hapa sisemi sponsa kwa sababu kwa Nairobi hilo neno limeshaharibika, ni la wazee wenye pesa na wasichana wao, wanapenda tamasha. Wikendi moja, bango moja, picha zimeisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupa jezi na maji bila kubembelezwa mara mbili. Kwa ligi alituuliza "wiki saba zote watu watakuwa wangapi?" na hatukuwa na jibu. Mheshimiwa naye huja fainali tu, ya ligi ama ya tamasha, mpe dakika tano na umwambie kabla.

Makaratasi hayatofautiani sana kwa hivyo napita haraka. Kikundi kisajiliwe, kuna ile sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mnahitaji watu wasiopungua kumi na mnaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkitaka kuwa klabu ya michezo hasa, hiyo ni ya Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Chifu na kituo cha polisi wajue. Tamasha linaongeza kibali cha kelele na leseni ya kupiga muziki hadharani. Watoto, barua ya mzazi, zote mbili. Huduma ya kwanza, zote mbili, na usikubali kisanduku chenye ndani kuna plasta tatu na mkasi.

Kwa ufupi wa kuweka ukutani:

Mko wapya, chini ya miaka mitatu: tamasha.
Mna watoto wengi na makocha wa kujitolea: ligi.
Mna wasanii kuliko wachezaji: tamasha, usifikirie mara mbili.
Mna graundi ya uhakika kila wiki na watu sita wa alfajiri: ligi.
Mna deni la mwaka jana: msifanye kitu, lipeni refa kwanza.

Mimi kura yangu ni tamasha la Agosti, lakini nitapendekeza na kaligi kadogo kabla yake, watoto wa chini ya miaka 14 pekee, timu sita, mara moja moja. Hizo ni mechi 15, tatu kila Jumapili, kila timu inacheza kila wiki, Jumapili tano imeisha, na wawili wa juu wanacheza fainali yao Jumapili ya tamasha kabla ya ile ya wakubwa, mbele ya umati wenye hawajawahi kuuona. Pointi za usafi tunaweka ndani. Mzee mwenyekiti nimemtafuta jana nikamweleza ndio asishangazwe mkutanoni, akasikiza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja, "Na neti, kijana wangu, zitabebwa na nani?" Nikamwambia, "Mzee, ligi si ni wewe uliitaka." Ameomba apewe funguo ya stoo leo jioni.